Wenye Miguu Wote Wamekufa

Mwanamke aliyekuwa akipima maji ya mji ule aliitwa Mama Uduvi na wenzake wa kazini. Jina hilo hakulipenda, ila hakuwahi kulikataa. Alilipata kwa sababu kila Jumatatu, akishamaliza kupima klorini na tope kama kazi ilivyomtaka, alishusha wavu wa kitambaa laini ndani ya kila kisima cha mradi, akauvuta polepole hadi juu, akamimina kilichomo kwenye sinia jeupe, kisha akakaa na kioo cha kukuzia akihesabu viumbe ambavyo wenzake hawakuviona hata walipooneshwa. Hakuna aliyemtuma. Alianza mwenyewe miaka kumi na mmoja nyuma, na daftari alilokuwa akiandikia sasa lilikuwa la saba.

"Watu wanafuga kuku," mhasibu alikuwa akisema, "huyu mwenzetu anafuga uduvi."

Visima vilikuwa vinne, vimechimbwa kwenye kokoto za ukingo wa mto. Mtu akiutazama mto ule wakati wa kiangazi angedhani umekwisha: mkondo mwembamba katikati, na pembeni mawe meupe yanayounguza nyayo. Lakini chini ya mawe yale kulikuwa na mto mwingine. Maji ya juu yalizama, maji ya ardhini yakapanda, yakakutana gizani katikati ya kokoto, na hapo palikuwa na mji mzima usiojua jua. Kulikuwa na uduvi weupe wasio na macho, wadogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Kulikuwa na viluwiluwi vya wadudu wa mtoni waliojichimbia kukwepa joto, konokono wadogo kama mbegu za haradali, na minyoo myembamba kama uzi. Walikula utando na uchafu, wakatembea baina ya kokoto, wakazibua njia. Maji waliyoyapitia yalitoka safi. Mji wa juu uliyanywa, wala haukuwa na habari.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, Mama Uduvi alivuta wavu kutoka kisima cha nne, akamimina kwenye sinia, akainama. Aliona uduvi thelathini na mmoja. Thelathini walikuwa wamelala ubavu, wamejikunja. Mmoja alikuwa akitetemeka mguu mmoja, akatulia.

Akashusha wavu tena. Safari hii wakaja kumi na tisa, wote wafu.

Alipima kila alichokuwa na kifaa cha kukipimia. Klorini sawa, tope hakuna, uchachu uko palepale ulipokuwa wiki iliyopita. Kwa mujibu wa vifaa vyake, maji yale yangeweza kuwekwa mezani kwa mgeni wa heshima. Akabeba sinia kwa mikono miwili, akapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Alitazama sinia, akamtazama yeye.

"Samaki wa mtoni wamekufa?"

"Hapana. Nimepita kuwaangalia, wanacheza. Hicho ndicho kinachonitisha. Kitu hiki hakipiti mtoni, bosi, kinapita chini ya mto."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

"Hujui." Alivua miwani. "Mwaka juzi ulinifungisha kisima cha pili siku tatu. Watu wakabeba ndoo, bodi ikaniweka kitimoto, mwisho ikaonekana ni kutu ya bomba. Leo kisima cha kwanza pampu imeungua. Cha pili na cha tatu ni vya kujaza tangi la kilimani tu. Cha nne ndicho kinachosukuma maji moja kwa moja bondeni, na bondeni kuna wodi ya wazazi. Unataka nikawaambie wakunga wasubiri kwa sababu uduvi wamelala?"

"Nataka tufunge mpaka tujue."

"Peleka sampuli maabara kuu."

"Majibu ni siku tisa."

"Basi niletee kitu ninachoweza kusimama nacho mbele ya bodi. Nakupa mpaka saa kumi leo."

"Na mpaka saa kumi watu wanywe?"

"Wanywe kama walivyokunywa jana," alisema meneja, akavaa miwani.

Mama Uduvi alitoka na neno hilo la jana. Jana watu walikunywa, na juzi pia.

Kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine mwenye uwezo wa kuzima pampu ile: fundi mkuu wa mitambo, mwanamke mrefu mwenye mabega ya mbeba magunia, aliyeitwa Kamanda. Kamanda huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na miezi minane ilikuwa imepita hawajasemezana.

Waligombana kwa ajili ya mama. Mama mkwe alikuwa akiishi kwa Mama Uduvi, akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Kamanda akaja na gari la kukodi, akambeba mama yake na kitanda chake, akasema mbele ya majirani kwamba mtu anayejua kuhesabu wadudu hajui kutazama mzee. Tangu siku hiyo mawifi wale walifanya kazi kwenye uzio mmoja wakiongea kwa daftari la zamu. Mmoja aliandika "klorini sawa", mwenzake akaweka alama ya vema. Mume, aliyefanya kazi mbali na kurudi mara mbili kwa mwaka, aliulizwa yuko upande gani, akajibu kwamba tembo wakipigana yeye ni nyasi tu.

Mama Uduvi alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo. Pampu zilikuwa zinanguruma. Kamanda alikuwa anafuta grisi mikononi kwa kitambaa, akamwona, akaendelea kufuta.

"Wifi," alisema Mama Uduvi.

Kitambaa kikasimama.

"Nimekuja na jambo, na sina nalo uhakika. Uduvi wa kisima cha nne wamekufa wote, wa visima vingine wazima. Vipimo vyangu havioni kitu. Bosi amekataa kufunga. Naomba uzime."

Kamanda alisogea, akalitazama sinia kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa mashine: hakupenda kuambiwa, alipenda kuona.

"Miaka yote hii, wamewahi kufa hivi?"

"Hata siku moja."

"Hata mafuriko yale?"

"Mafuriko yaliwapunguza. Hayakuwaua."

"Na klorini?"

"Klorini inaua vijidudu vya magonjwa. Sumu haiwezi kuiondoa. Ikiwa ni sumu, inapita nayo mpaka kwenye glasi."

Kamanda alitupa kitambaa begani, akaenda kwenye kisanduku cha swichi, akabonyeza. Ngurumo moja kati ya tatu ikashuka, ikafa. Akazungusha vali ili maji ya tangi la kilimani yateremke bondeni, akafunga kisanduku kwa kufuli, funguo akatia mfukoni. Kisha akachukua daftari la zamu. Mama Uduvi alidhani ataandika hitilafu ya mashine. Aliandika: *Saa nne kamili. Pampu ya nne nimeizima mimi, kwa kutilia shaka maji. Mashine ni nzima.*

"Mbona umeandika hivyo? Watakufukuza."

"Sijawahi kuisingizia mashine," alisema Kamanda. "Tangi litatosha kwa muda wa saa sita tu. Likikauka, wodi imekauka. Tunaanzia wapi?"

Akamwachia zamu mwenzake, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, akabeba nyundo ya kilo tano na bomba la chuma lenye ncha na matundu chini. Mama Uduvi akachukua pampu ya mkono, ndoo, wavu na sinia. Wakashuka mtoni.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Unapigilia bomba kwenye kokoto kina cha mkono mzima, unafunga pampu juu, unavuta maji ya chini ndoo mbili, unayachuja, unatazama nani yu hai. Palipo na wafu, sumu imepita. Unapanda juu ya mto, unarudia, mpaka uwakute walio hai. Chanzo kitakuwa kati ya wafu wa mwisho na wazima wa kwanza.

Sehemu ya kwanza ilikuwa hatua hamsini juu ya kisima. Kamanda alipiga nyundo mara arobaini bila kupumzika. Maji yakaja, yakachujwa. Mama Uduvi akainama, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini: uduvi, wafu; viluwiluwi, wafu; wale wadogo kama viroboto, wafu.

"Hawa hapa mbona wanacheza?" Kamanda alikuwa ameinama begani kwake, jasho linamdondoka kidevuni.

"Hao ni minyoo. Na hao konokono."

"Wako wazima."

"Naona."

"Wifi, tazama vizuri. Wenye miguu wote wamekufa. Wasio na miguu wote wazima."

Mama Uduvi akanyanyua uso. Miaka kumi na mmoja akihesabu, na aliyeliona jambo ni mtu wa spana. Kama ni hewa iliyokwisha majini, konokono wasingekuwa wanatambaa hivi. Kama ni tindikali, magamba yao yangeliwa kwanza. Sumu inayochagua wenye miguu na kuwaacha minyoo aliijua. Watu huinunua kwa chupa na kuinyunyizia shambani.

"Dawa ya wadudu," alisema. "Uduvi na mdudu ni ndugu. Dawa haijui tofauti yao."

"Na mtoto mchanga ni ndugu wa nani?" aliuliza Kamanda, akaanza kuling'oa bomba.

Sehemu ya pili, kwenye kona ya mto, hadithi ikawa ileile. Ya tatu iliwatesa. Bomba liligonga jiwe, likapinda ncha, ikabidi walinyooshe kwa kulilaza juu ya mwamba na kulipiga, na saa nzima ikapotea. Jua lilikuwa utosini. Simu ya Mama Uduvi ikalia. Alikuwa meneja, na sauti yake ilisikika hata bila kuweka sikio.

"Nani amezima kisima cha nne?"

Kamanda akaichukua simu kwa mkono wenye kutu. "Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya macho yangu."

"Washa sasa hivi! Tangi limeshuka nusu!"

"Funguo ninayo mimi, bosi, na mimi niko mtoni. Ukiitaka, njoo na viatu vya kutembelea kwenye mawe." Akakata, akamrudishia wifi yake simu.

Wafu sehemu ya tatu. Wafu sehemu ya nne. Saa nane ilipita. Mama Uduvi alianza kusikia sauti ya meneja ndani ya kichwa chake, ikisema kutu ya bomba, kutu ya bomba. Huenda sumu ilitoka mashamba ya mbali mno, mwendo wa siku mbili. Huenda tangi lilikuwa linakauka, mzazi yuko kitandani, na mkunga anafungua bomba likakohoa hewa. Wakaamua kuruka hatua mia tano kwenda juu, liwalo na liwe.

Maji ya sehemu ya tano yalipomiminwa kwenye sinia, kitu kiliruka. Kikaruka kingine. Sinia zima lilichemka kwa viumbe weupe wakikimbia mwanga.

"Wazima," alinong'ona Mama Uduvi. "Wazima wote."

"Basi tumempita mwizi," alisema Kamanda.

Waligeuka kutazama walikotoka. Kati ya pale na sehemu ya nne, ukingo wa kushoto, kulikuwa na jengo moja tu: ghala la pembejeo za kilimo, ukuta wake wa nyuma ukitazama mto. Chini ya ukuta, kwenye kokoto, palikuwa na eneo la ukubwa wa chumba ambalo mawe yake yalikaa vibaya. Kokoto za mto hulala zimeegemeana kama vigae. Zile zilikuwa zimemwagwa tu.

Kamanda akasimamisha bomba pembeni ya eneo lile, akainua nyundo.

"Nyinyi! Mnafanya nini hapo?" Mtunza ghala alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, mwanamume mfupi mwenye koti la kazi na rundo la funguo kiunoni. "Hapo ni shimo la choo cha zamani!"

"Choo hakituhusu. Tunapima maji," alisema Mama Uduvi.

"Hii ni mali ya watu!"

"Mto ni mali ya watu, kweli kabisa," alisema Kamanda, na nyundo ikashuka.

Mtunza ghala akalikimbilia bomba, akalikumbatia kwa mikono miwili. Kamanda akalishika juu ya mikono yake. Wakavutana, bomba likiyumba, na katika kuyumba huko likazama lenyewe, kwani chini palikuwa pepesi. Kwa nyuma Mama Uduvi akasikia mlango wa gari, kisha mawe yakiviringika, kisha sauti ya meneja akihema: "Funguo! Nasema nipe hiyo funguo!"

Mama Uduvi alifunga pampu juu ya bomba, akavuta mpini mara moja, mara mbili. Mara ya tatu yakatoka.

Maji yale yalikuwa meupe kama maziwa. Harufu ikawafikia wote wanne kwa pamoja, kali, ya mafuta na kitu kingine kinachokamata koo. Mtunza ghala akaliachia bomba ghafla. Likarudi kwa Kamanda, mdomo wake ukammwagia mikononi na shavuni.

"Usijifute!" alipiga kelele Mama Uduvi. "Njoo kwenye mkondo! Wifi, njoo!"

Alimburuta hadi kwenye maji ya mtoni yanayopita, akampigisha magoti, akamwosha uso na mikono kwa viganja vyake, tena na tena, akimhesabia dakika kwa sauti kama mtu anayehesabia mtoto. Kamanda hakulalamika. Alisema tu kwamba ngozi inamtambaa kama siafu, na jicho moja halifunguki.

Nyuma yao meneja alikuwa bado ameukodolea macho mchirizi mweupe uliokuwa ukizama baina ya kokoto. Hakuuliza tena habari ya funguo.

"Mmefukia mapipa mangapi?" alimuuliza mtunza ghala, kwa sauti ndogo.

Yule bwana alikuwa amekaa chini. "Arobaini na mawili. Yalipitwa na wakati. Tajiri aliambiwa ayapeleke yakachomwe, akasema ni mbali. Tumeyafukia wiki ya tatu leo." Akashika kichwa. "Nilidhani ardhi inameza."

Meneja akatoa simu. Wa kwanza kumpigia alikuwa mkunga mkuu wa wodi, akamwambia mwenyewe, bila kuzunguka, wasitumie tone lolote lililobaki kwenye ndoo tangu asubuhi. Wa pili alikuwa mwenye magari ya maji. Wa tatu polisi. Kisha akaja hadi kwenye mkondo, viatu vyake vya ofisini vikaingia majini, akamsaidia Mama Uduvi kumnyanyua Kamanda na kumpeleka garini.

Kamanda alilazwa siku tatu. Jicho lilipona; vidole vya mkono wa kulia vilikaa na ganzi miezi miwili. Siku hizo tatu Mama Uduvi alikwenda kulala nyumbani kwa Kamanda kumtunza mama mkwe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mama mkwe alimpokea akauliza mbona amekonda, akamtuma maji ya kunywa, na Mama Uduvi akamletea ya chupa. Hakukuwa na maneno ya kuombana radhi. Kamanda aliporudi nyumbani akamkuta wifi yake anamgeuza mama kitandani kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuwa anaijua, akasimama mlangoni akasema, "Nifundishe hiyo." Ikawa basi.

Majibu ya maabara kuu yalikuja siku ya tisa. Sumu ilikuwemo kwenye kisima cha nne, kidogo bado, ila ilikuwa inapanda. Aliyeandika majibu aliongeza kwa kalamu kwamba kwa wiki mbili zaidi ingekuwa habari nyingine. Mwenye ghala alishitakiwa. Kamanda alipata barua ya onyo kwa kuzima mtambo bila idhini, imesainiwa na meneja, na siku hiyohiyo akapata barua ya pongezi kwa tukio lilelile, imesainiwa na meneja. Aliziweka zote mbili kwenye faili moja.

Lakini kilichomkaa rohoni Mama Uduvi ni mkutano wa watu wa bondeni. Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Meneja alieleza, ofisa wa afya akaeleza, watu wakazomea. Kisha mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mchanga akasimama.

"Mimi nataka jambo moja tu. Tumekunywa siku ngapi?"

Meneja alimtazama Mama Uduvi. Mama Uduvi akainuka.

"Jumatatu ya nyuma yake niliwahesabu, walikuwa wazima. Jumatatu ile niliwakuta wafu. Kwa hiyo si zaidi ya siku saba. Inaweza kuwa mbili, inaweza kuwa sita. Hapo katikati sikuwahesabu, na siwezi kukudanganya."

"Mwanangu kazaliwa Jumamosi ya hapo katikati," alisema yule mwanamke.

Mama Uduvi alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akaandika jina la mtoto yule kwenye karatasi. Kabla ya usiku kuingia karatasi ilikuwa na majina ishirini na tisa, watoto wote waliozaliwa wodini wiki ile. Daktari wa wodi alikubali kuwaona kila mwezi kwa mwaka mzima, na kila mwezi Mama Uduvi alikwenda naye, akakaa kwenye benchi la wazazi mpaka wa mwisho apimwe. Mwaka ulipokwisha, wote ishirini na tisa walikuwa wakinyonya, wakitambaa au wakitembea kama watoto wengine, na daktari akafunga jalada.

Kazini, palipokuwa na wavu mmoja wa Jumatatu, sasa pana nyavu mbili, wa pili ukishikwa na Kamanda, na zinashushwa kila asubuhi.